Mninga wa mjomba, taili za baba watoto na ndoo ya mama

Shikamoo fundi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunajenga Pongwe, nje kidogo ya jiji la Tanga. Nyumba imeshaezekwa, madirisha yapo, na jamvi la zege lilimwagwa wiki sita zilizopita. Sasa tumekwama kwenye sakafu, na tumekwama kwa ugomvi.

Baba watoto anataka taili nyumba nzima. Anasema taili ni kuweka na kusahau. Mimi sina hamu nazo. Mwaka jana mama yangu mzazi aliteleza kwenye taili zenye maji nyumbani kwa kaka, akavunjika kifundo cha mkono. Nyumba ikiisha atahamia kwetu, na tangu siku ile akiona taili anatembea kama anavuka mto.

Mjomba wangu wa Urambo aliposikia tunajenga akasema ana zawadi: mbao 70 za mninga, moja kwa sita, futi 12, amezihifadhi bandani kwa miaka saba. Anasema tutengeneze sakafu ya mbao kama zile za nyumba za mabwana shamba wa zamani. Baba watoto anasema mbao hizo tuuze, au tutengenezee milango, kwa sababu Tanga kuna joto na mchwa, sakafu ya mbao haiwezi kudumu.

Nikamwita fundi wa mtaani. Yeye kasema mninga ni laini, niuze ninunue tiki ya Longuza, ndiyo mbao bora ya sakafu duniani, na kwamba akipata gundi nzuri ataibandika juu ya zege wiki ijayo. Nikaenda dukani mjini, kijana akanionyesha mbao nzuri sana zimefungwa kwenye maboksi, zinapachikana zenyewe bila msumari, akaniambia ni mbao halisi ya Ulaya na haiogopi maji. Lakini dada yangu aliyeko Dar aliweka zinazofanana na hizo, haukupita mwaka zikavimba kwenye maungio, sasa ukitembea zinalia kwa! kwa!

Sebule yetu ni mita 6 kwa 5. Vyumba vya kulala ni viwili, kila kimoja mita 4 kwa 3.5, kimoja cha mama. Jambo la mwisho, na usinicheke: mama hawezi kuanza siku bila kupiga deki. Ndoo nzima ya maji, kila asubuhi, hata akiwa mgeni.

Nichague mti gani?

Mwenye nyumba isiyoisha, Pongwe

* * *

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mti gani, nami nitakujibu, lakini kwanza nikutoe wasiwasi mmoja: katika watu wote waliokushauri, hakuna aliyezungumzia kitu kinachoua sakafu za mbao hapa pwani. Fundi wako kataja ulaini, kijana wa duka kataja Ulaya, baba watoto kataja mchwa. Mimi nimeng'oa sakafu nyingi zilizoharibika, na chache sana ziliharibika kwa sababu mti ulikuwa mbaya. Nyingi mbao ilikuwa mbichi, au zege lilikuwa bichi, au maji yalimwagwa juu. Wewe una mbao kavu, zege bichi na mama mwenye ndoo. Tuanzie hapo.

Mwaka 1987 niliweka sakafu ya mkongo kwenye nyumba ya mtu mmoja Muheza. Mkongo safi, mzito, umepasuliwa mwezi uleule. Nikauranda, nikaupiga misumari, nikaupaka vanishi, mwenye nyumba akanikumbatia. Kiangazi kilipokuja akaniita. Hakusema neno. Alitoa sarafu ya shilingi mfukoni akaisimamisha kwenye ufa kati ya ubao na ubao, ikasimama wima, akaniangalia. Nilirudisha fedha ya ufundi. Mkongo ni mti imara kuliko mninga, lakini ulikuwa bado na maji yake ndani, ukasinyaa ukiwa umeshapigiliwa.

Kwa hiyo miaka saba ya banda la mjomba ni mali. Mafundi tunahesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa hewa kwa kila inchi ya unene. Mbao zako za inchi moja zimepita darasa hilo zamani. Ila zitakuja na shida iliyo kinyume cha ile yangu: Urambo ni kukavu, Pongwe kuna hewa ya bahari. Ubao uliokaukia kule ukiletwa huku utakunywa unyevu na kunenepa. Ukiupigilia siku uliyoshusha lori, masika yakifika hautakuwa na pa kwenda isipokuwa juu. Ndipo sakafu inapoinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe.

Dawa yake ni kuziacha zizoee. Zishushe ndani ya vyumba vyenyewe, si varandani. Zipange kwa matabaka, kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite, na tabaka la chini lisiguse zege. Kisha chagua mbao tatu, ziandike namba kwa chaki, uzipime kwenye mizani ya dukani. Andika kilo na gramu. Rudia kila wiki. Mwanzoni uzito utapanda kidogo kidogo, na siku utakapoona wiki mbili mfululizo hauongezeki wala haupungui, mbao zimeshakuwa za Tanga. Kama kuna fundi mwenye kipima unyevu, vizuri zaidi, lakini mizani haijawahi kunidanganya.

Ukitaka kujua namba kamili, kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni. Kipime kwa mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni ya moto mdogo unaozidi kidogo nyuzi 100 mpaka uzito ukome kushuka, ukipime tena. Kikianza gramu 224 na kumalizia 200, zimetoka 24. Gawa kwa 200, ni asilimia 12. Hapo pwani, nyumba isiyo na kiyoyozi, asilimia 12 hadi 14 inanitosha.

Sasa mti wenyewe. Fundi wako kusema mninga ni laini hajakosea sana. Kwa mita moja ya ujazo mninga mkavu una kilo 600 na kitu, mkongo unapita 800. Mguu wa kiti kizito au kisigino chembamba kitaacha alama kwenye mninga kabla hakijaacha kwenye mkongo. Lakini tiki aliyotaka ununue nayo iko palepale kwa mninga, haiuzidi ugumu wa kukufanya uuze zawadi. Na mninga una sifa moja ambayo kwa pwani ni kubwa kuliko ugumu: hautembei. Unapokunywa unyevu na unapokauka, mabadiliko yake ni madogo kuliko ya miti mingi ninayoijua. Ndiyo maana mlango wa mninga unafungwa masika na kiangazi bila kusuguliwa.

Tiki ya Longuza siisemi vibaya, ni jirani yetu. Mashamba yale ni ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, miti huuzwa kwa mnada na karatasi zake ni nyoofu. Nina angalizo mawili tu. La kwanza, tiki inayozagaa kwa wapasuaji wadogo mara nyingi ni ya miti michanga iliyopunguzwa shambani, nusu ya ubao ni weupe, ile sehemu ya nje ya mti karibu na gome, na weupe wa tiki haudumu kama moyo wake. La pili, tiki ina mafuta yake ya asili. Asiyeifuta kwa tina kabla ya gundi au vanishi ataona vinabanduka kama ngozi ya nyoka. Kama mjomba asingekuwepo, ningekwambia nunua moyo wa tiki na usilale na mawazo.

Kuna watakaokutajia mvule. Mzuri, mchwa hauupendi, lakini una vimawe ndani vinavyoua meno ya msumeno na vumbi lake linawasha, na kupata mvule mzuri siku hizi ni safari. Mwingine atakutajia mpingo kwa sababu ni mgumu kuliko yote. Ni kweli, mpingo unazama majini. Ila ni mti mfupi na uliopinda, haukupi ubao wa futi 12. Waachie Wamakonde na watengeneza zumari.

Kuhusu maboksi ya dukani: kijana yule alikuwa anafanya kazi yake. Muombe kipande, kiangalie kichwani kilipokatwa. Ubao wa kweli utaona nyuzi na miviringo ya mti mpaka chini. Ukiona unga wa kahawia ulioshindiliwa na juu yake ngozi nyembamba, hiyo ni laminati: vumbi la mbao na picha ya mbao. Zipo nzuri za bei yake, na kwa ofisi ghorofani ni sawa. Kilaze kipande hicho kwenye ndoo usiku mmoja, asubuhi kipime unene. Kilichompata dada yako utakiona humo ndooni. Na ipo aina nyingine, yenye tabaka la mbao halisi juu na matabaka yaliyogandishwa chini. Hiyo ni mbao na inatulia vizuri, lakini angalia unene wa tabaka la juu. Likiwa jembamba kama karatasi ya sanduku, siku ukitaka kupiga msasa upya utatokeza upande wa pili.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo mjomba amekuamulia ugomvi bila kujua. Ubao wa inchi 6 ukirandwa na kutiwa T&G, yaani ulimi wa huu uingie kwenye mfereji wa ule, unabaki na inchi 5 za kuonekana. Hizo ni sentimita 12.7. Mbao 70 za futi 12 zitakupa mita za mraba 32 na kitu. Sebule yako peke yake ni 30, na ukitoa zitakazokataliwa haitoshi. Lakini vyumba vyako viwili kwa pamoja ni 28, na tazama vipimo: futi 12 ni mita 3.66, chumba kina upana wa mita 3.5. Kila ubao utavuka chumba kutoka ukuta hadi ukuta bila kuungwa. Sakafu isiyo na kiungo! Ukizilaza hivyo, mita 4 zinakula mbao 31 na kipande, tuseme 32 kwa chumba, 64 kwa vyumba viwili. Zinabaki sita.

Kwa hiyo vyumba mninga, sebule taili. Baba watoto asishangilie sana: achukue taili zisizong'aa, zenye ukwaru unaousikia kwa kiganja, kwa ajili ya mama. Sebule inapokea mchanga wa nje, na mchanga chini ya ndala ni msasa tosha wa kumaliza sakafu yoyote ya mbao. Chumbani watu huingia miguu mitupu.

Zile sita za ziada usizione nyingi. Mbao zikifika, zikague moja moja juani. Anza na weupe wa pembeni. Moyo wa mninga bungua, yule mdudu anayetoboa mbao, hana hamu nao na mchwa huupita, lakini weupe ni chakula chao. Vitundu vidogo vyenye unga laini maana yake bungua yumo. Mbao hiyo isiingie ndani kabisa. Kisha tazama kichwa cha kila ubao. Miviringo ikisimama wima, ubao huo utakaa sawa maisha yake yote. Ikilala kama mdomo unaocheka, utapenda kukunjika kingo, hivyo hiyo ipeleke chini ya kitanda. Na nyufa za mwishoni usizikate kwa ukarimu, una sentimita 16 tu za kuchezea kwa kila ubao, pungufu ya shubiri.

Kabla mjomba hajapakia lori, aende ofisi ya TFS ya wilaya yake apate hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Zawadi au si zawadi, kwenye kizuizi wataomba karatasi. Na aulize palepale saa zinazoruhusiwa kusafirisha mbao, dereva asikudanganye kwamba barabara ni nyeupe.

Zege. Wiki sita hazitoshi, na huyo anayetaka kubandika wiki ijayo mpe chai umuage. Jamvi la inchi 4 nalihesabia miezi minne kwa uchache, mwezi kwa kila inchi, na msimu wa mvua nausogeza mbele. Jipimie mwenyewe: kata nailoni nzito ya mita moja kwa moja, ilaze juu ya zege, zungusha utepe wa gundi pande zote isiingie hewa, iache siku tatu. Ukiifunua ukakuta jasho upande wa chini, au zege limebadilika kuwa jeusi, bado. Rudia mwezi ujao. Wakati huo mbao zako zinaendelea kupimwa mizani, kwa hiyo hupotezi kitu.

Muulize pia aliyemwaga jamvi kama alitandaza nailoni chini yake. Akisita kujibu, chukulia hakutandaza. Zege likishakauka lifagie, piga lami ya kupaka mikono miwili, ndipo ufunge papi, zile mbao nyembamba zitakazobeba sakafu.

Papi ziwe za moja kwa mbili, zimelazwa, za msindano uliotiwa dawa, zikipita kwa urefu wa chumba kila sentimita 40. Ungeweza kutumia mbili kwa mbili, na fundi wako atazitaka kwa sababu msumari unashika vizuri. Lakini sakafu itapanda karibu inchi tatu, na mlangoni kwa mama kutakuwa na kizingiti. Mtu aliyeanguka mara moja hafai kuwekewa kitu cha kujikwaa. Papi ya inchi moja na ubao uliorandwa wa robo tatu ni inchi moja na robo tatu. Lipu na taili za sebuleni zinakula kama inchi mbili. Tofauti hiyo inamalizwa kwa vipande vya kusawazisha chini ya papi, na mama atatoka chumbani hadi sebuleni bila kuhisi mpaka. Mweleze fundi wa taili na seremala siku moja, wakiwa wamesimama pamoja. Nimeona nyumba nyingi ambako hawa wawili hawajawahi kuonana.

Pembeni usigusishe ukuta. Mbao 31 zikivimba nusu milimita tu kila moja, kwa pamoja zinasukuma milimita 15 na nusu, na ukuta hausogei. Acha milimita 12 kila upande, zitafunikwa na ule ubao wa chini ya ukuta, sketingi. Sketingi ipigiliwe ukutani, isipigiliwe sakafuni, la sivyo umefunga mlango uliouacha wazi.

Siku ya msasa vaeni barakoa, vumbi la mninga linachokoza pua. Kisha vanishi ya sakafu isiyong'aa, mikono mitatu, msasa laini kati ya mkono na mkono. Ile inayong'aa kama kioo inapendeza kwenye picha, lakini yenye tone la maji inateleza kama taili uliyoikimbia.

Limebaki la ndoo. Hakuna mti, si mninga, si mkongo, si tiki, unaovumilia kumwagiwa maji kila asubuhi. Maji hupita kwenye maungio, hukaa chini kwenye papi, na mwaka haupiti. Vyumbani ni ufagio laini, halafu kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisidondoke, mara moja kwa wiki. Usimwambie mama aache deki; mtu wa umri wake ukimnyang'anya kazi yake ya asubuhi umemwambia hana kazi. Mwachie sebule, varanda na jiko, ambako taili za baba watoto zinangoja, na deki hiyo ifanyike wengine wakiwa bado wamelala ili zikauke. Ila yeye mwenyewe asikatize taili kabla hazijakauka. Mwekee kiti mlangoni mwa chumba chake, akimaliza akae hapo, miguu juu ya mninga, angoje.

Uzito wa wiki ya kwanza na wa wiki ya nne uniandikie. Na mama akiuliza ni nani aliyemkatia ndoo nusu nyumba, usimtajie jina langu.